Taa Zilizompepesea Mama Peke Yake

Mama yangu anaendesha gari kama mtu aliyebeba uji wa moto kichwani. Anafuga kuku kule Mukungwe, na tangu baba alipofariki, miaka sita sasa, analeta mayai Nyendo mwenyewe kwa gari la baba. Kiti cha nyuma kinajaa trei hadi karibu na dari, na kiti cha mbele kina trei nyingine zimefungwa mkanda kama abiria. Akifika kwenye tuta anasimama kwanza, analitazama, ndipo analipanda. Vijana wa bodaboda wakimpita wanamtania, "Bibi, shuka tukusukumie!" Yeye anakwenda vilevile. Anayajua mashimo yote ya njia ile, lipi lina maji na lipi lina jiwe, na mwaka jana wote alivunja mayai saba tu.

Kwa hiyo aliposema taa za dashibodi zinapepesa, mimi nilimwamini. Mtu anayehesabu mayai saba kwa mwaka haoni vitu visivyokuwepo.

Kaka yangu Ddamulira hakumwamini. Yeye anakaa Kampala na ndiye mkubwa wetu. Alikuja Pasaka, mama akamweleza vizuri: "Nikiwasha taa asubuhi kukiwa na ukungu, taa zote za dashibodi zinapepesa, zinafifia, zinawaka. Na mshale wa mafuta unalala chini kama mgonjwa, halafu unaamka." Ddamulira alishusha trei zote, akatoa kila kitu kilichokuwa ndani, akapangusa kiti kwa sababu hapendi harufu ya kuku, akaliendesha hadi mjini na kurudi. Taa zimetulia. Akaenda mara ya pili. Zimetulia. Akalipeleka kwa fundi mmoja, akabadilisha balbu. Mama akaja tena: zinapepesa. Fundi wa pili akabadilisha betri. Zinapepesa. Fundi wa tatu akaliendesha, akarudi anacheka.

Basi wakampeleka mama kwa daktari wa macho. Daktari akasema macho yake ni ya msichana, lakini akampa matone, asirudi mikono mitupu.

"Kama si gari, na si macho," Ddamulira alisema, mama akiwa hapo hapo amekaa na kikombe chake cha chai, "basi ni kichwa. Mama amechoka. Nitaleta mtu alinunue gari, kuku tuwauze, yeye aje akae kwangu apumzike." Akaitia kadi ya gari mfukoni, akataja Jumamosi ya kuja na mnunuzi.

Mama alikunywa chai hadi tone la mwisho. Aligeuza kikombe chake kifudifudi juu ya meza. Siku ya pili akanipigia simu.

"Tereza, mwanangu. Mimi sina kichwa kibovu. Zinapepesa."

Sasa mtu anaweza kuuliza, kama mume wangu Bbosa ni fundi wa umeme wa magari hapo hapo Nyendo, mama alikuwa anazunguka kwa watu baki kutafuta nini. Anayeuliza hivyo hana mkwe. Tangu nimeolewa, mama na Bbosa hawajawahi kukaa chumba kimoja. Mama akija kumwona mtoto, Bbosa anatokea mlango wa jikoni. Hawapeani mkono, hawapeani hata kikombe. Anayevunja mwiko huo anashikwa na obuko, mikono inamtetemeka mpaka anazikwa. Kwetu mzee akionekana anatetemeka, watu hawaulizi alitibiwa wapi. Wanaulizana alimfanya nini mkwe wake. Na fundi wa umeme mwenye mikono inayotetemeka atakula nini?

Lakini ile Jumamosi ilikuwa inakuja. Nilimwomba Bbosa Jumapili yote. Mwishowe akakuna shingo.

"Alete. Ila aniachie gari, akae mbali."

Jumanne mama akaja. Alizima gari kwenye lango la uwanja wa mafundi, akashuka, akachomoa mkeka wake. Mama haendi popote bila mkeka. Atapiga goti wapi kuamkia watu, kwenye oili? Trei zikashushwa. Akatandika mkeka nyuma ya rundo la magurudumu, akakaa akitupa mgongo, kitenge kichwani. Hapo ndipo Bbosa akatoka nyuma ya lori alikokuwa amejificha.

Jirani yake hapo uwanjani ni Mugerwa, fundi wa kunyoosha bodi, mtu mwenye nyundo kubwa na mdomo mkubwa zaidi. "Toka, toka," akamwita. "Mkwe ameshakaa. Mwanamume mzima unajificha kama mwizi wa ndizi!"

Bbosa hakutaka kukalia kiti alichokalia mama. Wala hakutaka kuingiza kichwa chini pale, penye miguu ya mama. Aliingilia mlango wa kushoto, akajinyoosha juu ya gia kama mbuzi anayechungulia shamba la watu kupitia ua. Akaniomba blanketi la mtoto, akajifunika yeye na dashibodi ili apate giza.

"Washa."

Nikapitisha mkono dirishani nikawasha. Taa zikawaka, zimetulia kama mishumaa ya kanisani. Akagonga dashibodi kwa mpini wa bisibisi. Zimetulia. Akatikisa nyaya. Zimetulia. Kirabo wangu, ana miezi kumi, alikuwa mgongoni analilia blanketi lake.

"Mama Kirabo, muulize mama, taa za mbele nazo zinapepesa?"

Mama alikuwa hatua kumi tu na alisikia kila neno. Akanyamaza, ananisubiri. Nikaenda.

"Mama, anauliza kama taa za mbele nazo zinapepesa."

"Mwambie za mbele hazina neno. Ni hizi za ndani tu, zote kwa pamoja, na mshale wa mafuta."

Nikarudi. "Anasema..."

"Nimesi... Haya, sema."

Nikasema. Siku ile nilitembea kati ya watu wawili wanaosikiana vizuri mpaka viatu vyangu vikakatika kamba.

Bbosa alifikiri kwa sauti, ndivyo anavyofanya kazi. "Zote pamoja, na mshale. Basi si balbu. Balbu haziugui zote siku moja. Na kama ingekuwa betri au alteneta inayoichaji, hata za mbele zingepepesa. Ni njia ya umeme ya dashibodi yenyewe, unapoingia au unapotoka." Akaitoa dashibodi, akasafisha plagi yake ya nyuma, akairudisha. Mama akaondoka.

Jumatano asubuhi akarudi. Zilipepesa njia nzima. Bbosa akakagua kitufe cha kupunguzia mwanga wa dashibodi. Alhamisi akarudi. Zinapepesa. Bbosa akakagua fyuzi moja moja kwa taa ya kupimia, kila moja akiitazama kana kwamba imemtukana. Ijumaa akarudi.

Ijumaa Bbosa akamwomba Mugerwa aliendeshe gari, yeye akakaa kushoto kutazama. Mama alibaki amekaa juu ya mkeka wake kando ya mayai. Wakaenda hadi Kimaanya, wakapita kila shimo kwa makusudi. Waliporudi Bbosa alikuwa ameuma midomo, na Mugerwa anacheka hata kabla hajafungua mlango.

"Hili gari ni zima! Au limeshikwa obuko. Likimwona mkwe linaanza kutetemeka!"

Watu wa uwanja mzima wakacheka. Bbosa akairusha tepu ya nyaya ukutani. Nilimtazama mama. Mgongo wake haukusogea, ila kitenge alikivuta mbele kidogo, kikamfunika hadi machoni.

Mchana nilimpelekea Bbosa matoke na mchuzi wa karanga. Alikula matonge mawili.

"Mama Kirabo," akasema polepole, "siku nne. Nimekagua kila kitu. Labda Ddamulira..."

"Usilimalizie neno hilo juu ya chakula changu."

"Sisemi vibaya. Nasema labda..."

"Bbosa, wewe umeliona gari, lakini hujaliona likiwa na mama ndani. Hakuna hata mmoja wenu aliyeliona na mama ndani. Kila fundi anamshusha kwanza, ndipo anatazama."

"Sasa nipande na mkwe wangu? Unataka nife?"

"Nitapanda mimi."

Akanitazama. Nadhani aliona haya kwamba hakulifikiria. Akasema tu, "Ukipanda, tazama. Usipige soga."

Jumamosi alfajiri nikachukua bodaboda hadi Mukungwe, Kirabo kifuani. Mama alikuwa anapakia. Trei zilijaa nyuma, na zile za mbele akazibana hapo hapo nyuma ili mimi nipate kiti. Halafu akaukunja mkeka wake, akausukuma kati ya kiti chake na mlango, ncha yake ikaenda chini mbele, karibu na miguu. Niliona, lakini sikuwaza kitu. Ungekaa wapi kwingine, na mayai yamejaa kila mahali?

Kulikuwa na ukungu, akawasha taa. Tulipita kanisa zimetulia. Tulipita kisima zimetulia. Nikaanza kuogopa. Nikawaza, Mungu wangu, kama ni kweli? Kama ni kichwa? Tukafika penye shimo la jiwe, mama akaliingia taratibu kama anavyoyaingia yote, na mbele ya usukani taa zikafifia, zikawaka, zikafifia. Mshale wa mafuta ukalala.

"Mama! Zinapepesa!"

Mama akasimamisha gari katikati ya barabara. Lori likapiga honi nyuma yetu, hakulijali.

"Umeziona?"

"Nimeziona."

"Zipi?"

"Zote. Na mshale umelala."

Alikaa hivyo, mikono kwenye usukani. Akapangusa uso kwa ncha ya kitenge. Halafu akaupiga usukani kofi. "Miezi mitatu! Miezi mitatu wananitia matone ya macho!"

Tulikwenda hadi Nyendo zikipepesa, na kila zikipepesa Kirabo anacheka, anafikiri zinamchezea.

Nilitaka Bbosa azione kwa macho yake kabla hazijaacha. Tulipoingia uwanjani nikatoa kichwa dirishani. "Bbosa! Njoo mbio, ndizo hizi!"

Bbosa akatoka chini ya gari la mtu, akakimbia hatua tano, akamwona mama kwenye usukani, akageuka mbio hadi nyuma ya lori.

"Ashuke kwanza!"

"Akishuka zitaacha!"

"Tereza, mimi siwezi kuja hapo!"

"Basi tazama kwa mbali!"

"Nitatazama dashibodi kwa mbali, mimi tai?"

Mugerwa aliiweka nyundo chini, akakaa, akashika mbavu. Mama naye, aliposikia mkwe yuko karibu, akahangaika kushuka kama adabu inavyotaka. Sikupata nafasi ya kumzuia. Alishaweka miguu yote miwili chini, kiti kitupu, injini inanguruma, na mimi macho yangu hayakutoka kwenye zile taa. Zilikuwa bado zinapepesa.

Mama akainama, akachomoa mkeka. Zikatulia.

"Mama, rudisha mkeka."

"Nini?"

"Urudishe ulipokuwa. Vilevile."

Akaurudisha, ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa sasa. Zikapepesa.

"Toa."

Zikatulia.

"Rudisha."

Zikapepesa. Mama naye akaingiza kichwa akatazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikamsikia akicheka, kicheko kifupi cha hasira.

"Bbosa!" nikaita. "Ni mkeka! Ukiwepo zinapepesa, ukitolewa zinaacha!"

Bbosa akatoa kichwa nyuma ya lori. "Ncha yake inagusa wapi?"

"Chini kule, mkono wa kulia. Karibu na... karibu na miguu."

Nikasikia kofi. Alikuwa amejipiga kwenye paji la uso. "Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi! Nyaya zote za dashibodi zinafungwa kwenye bodi hapo hapo, nyuma ya kile kifuniko cha plastiki. Mkeka unakisukuma. Siku nne nimelala upande wa kushoto kama mbuzi!"

"Kwa nini hukutazama upande ule?"

"Nitazame wapi? Penye miguu ya mama mkwe wangu?"

Na hata sasa hakutaka kuingia. Trei zikashushwa, mama akaenda kwenye magurudumu na mtoto, akatandika mkeka wake. Bbosa akaja hadi hatua tatu kutoka kwenye gari, akanipa mgongo yeye pia, akaweka chini bisibisi, spana ya kumi na kipande cha msasa. Nikapiga magoti kwenye oili. Sikujali.

"Kifuniko kina vishikizo vitatu. Ving'oe taratibu, visivunjike."

Nikaving'oa. Kulikuwa na fungu la nyaya nyeusi, mwisho wake pete ya chuma, na pete imebanwa kwenye bodi kwa nati moja.

"Jaribu kuizungusha."

"Inazunguka."

"Kwa spana?"

"Kwa kidole."

Alivuta pumzi ndefu, pumzi ya siku nne. "Nati inazunguka kwa kidole, na watu wanamtibu mama macho. Fungua yote. Chini ya pete kuna nini?"

"Kutu. Na rangi."

"Sugua. Pete pia, pande zote mbili. Mpaka ing'ae kama sufuria ya bibi harusi."

Nilisugua mpaka vidole vikaisha ngozi. Nikarudisha pete, nikakaza nati mpaka spana ikakataa. Nikamwomba mama mkeka, akahamia juu ya gurudumu, nikaurudisha garini mwenyewe, nikawasha, nikautikisa, nikaupiga teke. Taa zimetulia.

Hapo ndipo Ddamulira alipoingia langoni, amemkosa mama Mukungwe akamfuata, shati limepigwa pasi, na mtu wa kofia nyuma yake. Mtu wa kofia hakusalimia; alianza kupiga magurudumu teke.

"Kaka, tumepata," nikamwambia. "Nati ya ethi ilikuwa imelegea. Mkeka wa mama ndio uliokuwa ukiisukuma."

Ddamulira akaniangalia mikono, nyeusi hadi viwikoni. Akakaa kwenye kiti, akawasha, akapiga dashibodi, akautikisa mkeka. Akasubiri. Akazima.

"Mnaona? Hakuna kitu," akasema. "Hakukuwa na kitu tangu mwanzo. Sasa mnatafuta mkeka."

"Kaka, tumeshatengeneza! Ndiyo maana hakuna!"

"Tereza, mdogo wangu. Najua unampenda mama."

Nilitamani kulia kwa hasira. Kule kwenye magurudumu mama alikuwa amekaa vilevile, anampapasa Kirabo mgongoni, na nilijua amesikia kila neno, kama alivyosikia kila neno wiki nzima.

Nikaiokota spana.

"Unafanya nini?" Bbosa akashtuka. "Imeshakazwa!"

"Najua imeshakazwa."

Nikaingia chini, nikailegeza mpaka ikazunguka kwa kidole, nikarudisha kifuniko. "Kaka, washa tena. Weka mkeka mwenyewe. Usinipe mimi, weka wewe."

Akaweka. Taa zote zikafifia, zikawaka, zikafifia. Mshale wa mafuta ukalala mbele yake.

Ddamulira akainama. Alitoa mkeka. Akaweka. Akatoa. Akaweka mara nne, na kila mara anainama zaidi, mpaka paji la uso likakaribia usukani.

"Shemeji," Bbosa akasema, bado ametupa mgongo, "kichwa cha mama umekiona kilipo? Kimefungwa kwa nati ya kumi."

Mugerwa hakucheka safari hii. Alijifanya anatafuta nyundo yake.

"Basi linauzwa au haliuzwi?" akauliza mtu wa kofia.

Ddamulira akashuka. Aliuchukua mkeka, akaukunja vizuri, akaenda nao hadi kwa mama, aliyekuwa bado juu ya gurudumu. Akautandika. Juu yake akaweka kadi ya gari. Alisimama hapo kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Mama..."

Mama aliichukua kadi, akaitia ndani ya kitenge. Hakumtazama. Alinyanyua sauti kidogo ili nimsikie kule chini ya dashibodi.

"Tereza. Kaza hiyo nati."

"Nakaza, mama."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kaza tena. Na kaka yako apakie trei, maduka yananisubiri. Mwambie apakie taratibu."

Ddamulira alikuwa amesikia. Lakini alisubiri mpaka nilipomwambia.